Barua ya Wazi kwa Wakuu wa Idara za Uhandisi Umeme: Ruhusuni Miradi ya Wanafunzi Irithishwe

Kwenu Waheshimiwa Wakuu wa Idara za Uhandisi Umeme katika vyuo vikuu na taasisi za ufundi Tanzania,

Nakala: Bodi ya Usajili wa Wahandisi (ERB), Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU).

YAH: MIRADI YA WANAFUNZI KUKATALIWA KWA SABABU "IMESHAFANYIKA"

Najua mnafundisha madarasa makubwa kwa maabara zenye vifaa vichache, na kwamba wahandisi wanaoendesha mitambo, laini na vituo vya umeme vya nchi hii wamepita mikononi mwenu. Kwa sababu hiyo naona ni haki niseme nanyi waziwazi, mbele ya wasomaji, juu ya jambo ambalo mna uwezo wa kulibadilisha wenyewe bila kusubiri bajeti ya wizara wala sheria mpya.

Kila mwaka wanafunzi wa mwaka wa mwisho huleta mapendekezo ya miradi ya usanifu. Mmoja anataka kutengeneza kidhibiti cha pampu ya kisima, mwingine mashine ya kutotolesha vifaranga, mwingine kifaa cha kulinda friji umeme unapopanda na kushuka, mwingine king'ora cha gesi inayovuja jikoni. Haya ni matatizo ya nyumba zetu, na ni jambo jema kwamba vijana wanayaona. Kisha linakuja jibu ambalo kila mwanafunzi wa uhandisi analijua: mada hii imeshafanyika, katafute nyingine. Hoja yangu yote katika barua hii iko hapo. Nasema kwamba sharti la upya, zaidi ya uhaba wa fedha na zaidi ya uvivu wa wanafunzi, ndilo linalofanya kazi za vijana wetu ziishie kwenye kabati la idara, na kwamba mradi wa kutatua tatizo la mtu unapaswa kurithishwa kutoka kundi moja la wanafunzi hadi jingine mpaka mtu huyo autumie.

1. Uhandisi wa kweli huanza pale onyesho linapoishia.

Chukueni mashine ya kutotolesha vifaranga. Mayai ya kuku yanahitaji siku 21 kwenye joto la nyuzi 37.5 hivi, yageuzwe mara kadhaa kwa siku hadi siku ya 18, na unyevu upandishwe siku tatu za mwisho ili kifaranga asinase kwenye ganda. Mwanafunzi wa kwanza, kwa mihula miwili aliyopewa, akijitahidi sana atakuwa na sanduku la mbao, hita au balbu, feni ndogo, kidhibiti kidogo cha Arduino, na kihisi cha joto cha DHT11 kwa kuwa ndicho cha bei rahisi madukani. Siku ya kutetea mradi kioo kinaandika 37.5, jopo linaridhika, alama zinatolewa. Lakini kwa maelezo ya watengenezaji wake, DHT11 inaweza kukosea kwa nyuzi mbili kwenda juu au chini. Kioo kinapoandika 37.5, mayai yanaweza kuwa kwenye 39.5, na wengi wa vifaranga wanaokaa kwenye joto hilo siku baada ya siku hufia ndani ya yai. Mradi umepata alama nzuri, na mama mfugaji aliyeandikwa kwenye ukurasa wa kwanza wa ripoti kama mlengwa akiitumia mashine hiyo atapoteza trei nzima.

Sasa tazameni kazi iliyobaki. Kuna kubadilisha kihisi na kuweka vingine pembeni mwa sanduku, maana joto la karibu na hita si joto la kona ya mbali. Kuna suala la umeme wenyewe: ukishuka kutoka volti 230 hadi 170, jambo lisilo geni mwishoni mwa laini ndefu ya kijiji, hita ya waya hutoa takriban asilimia 55 tu ya joto lake, kwa sababu nguvu yake hufuata mraba wa volti. Kidhibiti kilichojaribiwa maabara chenye umeme mzuri hakijui kwamba hita yake imebaki nusu. Kuna usiku ambao umeme unakatika kabisa: sanduku linashikilia joto kwa muda gani, betri ya volti 12 italibeba kwa saa ngapi, na je, kuta zikijazwa sponji saa hizo zinaongezeka kwa kiasi gani? Kuna gharama. Mashine inayokula wastani wa wati 100 hutumia uniti 50 hivi katika siku 21. Familia iliyo kwenye kundi la TANESCO la matumizi madogo, lenye ukomo wa uniti 75 kwa mwezi, itakuwa imebakiwa na uniti 25 za taa, televisheni na simu, na ikivuka itaanza kununua uniti kwa bei ya juu zaidi. Kwa hiyo kupunguza wati 100 hadi 50 kwa kuziba mianya na kuboresha kuta ni suala la kama mashine itawashwa au itageuzwa kabati. Hilo ni swali la uhandisi umeme lenye hesabu ya kutosha kwa mwanafunzi mzuri mwaka mzima.

Hakuna hata moja kati ya maswali hayo ambalo mwanafunzi wa kwanza angeweza kulijibu, kwa sababu yanaonekana baada ya mashine kuwashwa kwa mtu mwenye mayai halisi. Na hakuna mwanafunzi wa pili anayeruhusiwa kuyajibu, kwa sababu mada imeshafanyika. Tumejiwekea utaratibu unaotoa alama kwa sehemu nyepesi ya kazi na kuikataza sehemu ngumu.

2. Sharti la upya linawafundisha vijana kupamba badala ya kutatua.

Mwanafunzi aliyekataliwa kidhibiti cha pampu haachi mada hiyo; anairudisha ikiwa na nyongeza ili ionekane mpya. Mwaka huu pampu inatuma ujumbe mfupi wa simu. Mwaka ujao inaunganishwa na intaneti. Mwaka unaofuata inaongezewa akili unde. Kila nyongeza inakula wiki za mwanafunzi. Moduli ya simu ya SIM800L, kwa mfano, inataka volti kati ya 3.4 na 4.4, na inapotafuta mtandao huvuta mkondo unaofika ampea 2 kwa kufumba na kufumbua. Kijana akiilisha kutoka kwenye pini ya volti 5 ya Arduino, moduli inawaka na kuzima bila mpangilio, naye anahangaika na hilo hadi muhula unakwisha. Wakati huo swali la mwenye kisima halijaguswa: maji yakikauka kisimani wakati wa kiangazi pampu itajizima yenyewe, au itazunguka kavu mpaka mota iungue na kupelekwa kwa fundi wa kuwainda? Mwenye kisima hahitaji ujumbe wa kumwambia kwamba mota yake imeungua. Anahitaji saketi inayopima mkondo wa mota, itambue kwamba mzigo umepungua kwa sababu hakuna maji, na ikate. Kazi hiyo si mpya duniani, inauzwa madukani kwa bei ambayo wengi hawaimudu, na kuitengeneza hapa kwa vipuri vinavyopatikana Kariakoo, ikadumu misimu miwili ya mvua na vumbi, ni usanifu wa kujivunia.

Vilevile tunawafundisha kudharau suluhisho jepesi. Kihisi cha mawimbi ya sauti cha HC-SR04 kimezoeleka mno kwenye miradi ya kupima maji ya tangi, ingawa hakikutengenezwa kustahimili maji, na chini ya mfuniko wa tangi mvuke hugeuka matone juu yake usiku kucha. Boya la kawaida lenye swichi lingefanya kazi hiyo kwa miaka. Lakini boya halionekani kama teknolojia mbele ya jopo, kwa hiyo mwanafunzi haliandiki. Mhandisi anayeogopa suluhisho jepesi kwa sababu halitapata alama atakwenda kazini na woga huohuo, na gharama yake tutailipa sisi tunaotumia anachokisanifu.

3. Jirani zetu wametuonyesha kwamba kuendeleza kunawezekana.

Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, kilionyesha gari lake la umeme la viti viwili, Kiira EV, mwaka 2011, likiwa limetengenezwa na wanafunzi pamoja na walimu wao. Kama wangefuata utaratibu wetu, mwaka 2012 mwanafunzi aliyetaka kufanya mradi wa gari la umeme angeambiwa atafute mada nyingine. Badala yake kazi iliendelea: mwaka 2014 likaja gari linalochanganya umeme na petroli, mwaka 2016 likaja basi la Kayoola lenye paneli za sola juu ya paa, na kutoka hapo ikakua kampuni ya Kiira Motors inayotengeneza mabasi kule Jinja. Mtu anaweza kubishana kuhusu fedha ambazo serikali ya Uganda imeziweka humo, na ni nyingi. Lakini hakuna serikali ingeweka hata shilingi moja kwenye kitu kilichokoma na mahafali ya waliokianzisha. Mwendelezo ulitangulia, fedha zikafuata.

Mfano wa pili uko mbali zaidi, ila matunda yake yamefika mpaka vijijini kwetu. Taa za sola za d.light, ambazo zimetumika katika nyumba nyingi Afrika Mashariki, zilianzia kwenye kozi ya usanifu ya Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, na kampuni yake ikaanzishwa mwaka 2007. Katika kozi hiyohiyo kundi jingine lilipewa jukumu la kubuni inkubeta ya bei nafuu kwa ajili ya watoto njiti. Mwanafunzi wao alipofika Nepal alikuta hospitali zina inkubeta na nyingine hazina mtoto ndani, kwa kuwa watoto wenyewe walizaliwa vijijini, mbali na hospitali na mbali na umeme. Kundi likaacha inkubeta ya kioo likatengeneza mfuko wa kumfunika mtoto, wenye nta inayoshikilia joto la mwili kwa saa kadhaa bila umeme. Tatizo waliloliandika darasani halikuwa tatizo walilolikuta. Walipata nafasi ya kubadilisha mawazo na kuendelea baada ya kozi kwisha, na ndiyo maana kazi yao ilifika kwa watoto. Wanafunzi wetu wanaishi ndani ya matatizo ambayo wale walipaswa kupanda ndege kuyafuata, halafu tunawanyima mwaka wa pili.

4. Mahitaji ya nchi sasa yako ndani ya nyumba.

Kitivo cha Uhandisi cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1973, wakati kazi kubwa ya mhandisi umeme ilikuwa kuzalisha na kusafirisha. Leo Bwawa la Julius Nyerere lina mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, jumla megawati 2,115, na laini zimeingia vijijini ambako kuunganishwa kumegharimu shilingi 27,000. Hayo ni mafanikio makubwa ya wahandisi mliowafundisha. Lakini umeme unapovuka mita ya LUKU na kuingia ndani, mhandisi hayupo tena. Nyumba nyingi hazina erthi ya kuaminika. Friji inarudishiwa umeme sekunde chache baada ya kukatika, kabla mgandamizo wa gesi kwenye kompresa haujashuka, na kompresa inakwama na kuungua. Kifaa cha kuchelewesha umeme kwa dakika tatu hadi tano kinaokoa friji ya muuza samaki, na ndani yake kuna saketi ambayo mwanafunzi wa mwaka wa tatu anaielewa kikamilifu. Ni kifaa cha zamani, kinachojulikana, na kwa sababu hiyo hakiwezi kupita kwenye kamati zenu kama mada. Wakati huohuo tunaagiza vya nje visivyotengenezeka vikiharibika.

Mkisema kwamba hayo ni mambo madogo yasiyolingana na shahada, nawaomba mkumbuke ni nani anayeyabeba. Hayo madogo ndiyo yanayoamua kama umeme uliogharimu matrilioni utaongeza kipato cha fundi cherehani, mfugaji na muuza maziwa, au utaishia kuwasha taa na kuchaji simu.

5. Mapingamizi ninayoyajua, na majibu yangu.

Pingamizi la kwanza, na lenye nguvu kuliko mengine, ni wizi wa kazi. Mwalimu atasema: nikiruhusu mada irudiwe, mwanafunzi atanunua ripoti ya mwaka juzi, atabadilisha jalada na kuileta. Hofu hiyo ina msingi. Lakini tazameni sharti la upya limezuia nini hasa. Ripoti zinafungiwa kabatini, hazisomwi na mtu, na kitu kisichosomwa ndicho rahisi kuibwa kwa sababu hakuna wa kukitambua. Mradi uliorithishwa wazi una kinga nzuri zaidi: ripoti ya mtangulizi iko mezani mbele ya jopo, na mwanafunzi anaulizwa swali moja ambalo jibu lake haliwezi kununuliwa steshenari, yaani mtangulizi wako alipima nini, wewe umepima nini, na tofauti imetoka wapi. Aliyenakili hatakuwa na vipimo vipya vya kuonyesha. Naamini jopo lenye ripoti ya zamani mkononi litamkamata mwizi ndani ya dakika tano.

Pingamizi la pili linasema shahada inadai ubunifu. Hapa nadhani tumechanganya ngazi. Anayeomba shahada ya uzamivu anatakiwa kuongeza maarifa mapya duniani, na hilo ni sawa. Mwanafunzi wa shahada ya kwanza ya uhandisi anatakiwa kuonyesha kwamba anaweza kusanifu suluhisho la tatizo gumu huku akizingatia usalama, afya, jamii na mazingira. Hata vigezo vya kimataifa vya Washington Accord, ambavyo nchi nyingi huvitazama zinapopima shahada za uhandisi, vinazungumza lugha hiyo ya kusanifu suluhisho linalofaa. Mwanafunzi anayepunguza matumizi ya mashine kwa nusu bila kuongeza gharama amebuni, na amebuni kwa namna inayopimika kuliko yule aliyeongeza kitufe cha intaneti.

Pingamizi la tatu ni usalama: kifaa cha mwanafunzi kikiunguza nyumba ya mtu, nani atawajibika? Swali hili silichukulii kwa wepesi, maana volti 230 zinaua. Kwa sababu hiyohiyo mradi usipelekwe kwa mtu katika mwaka wake wa kwanza. Mwaka wa kwanza ubaki maabara. Mwaka wa pili uende kwa mtumiaji ukiwa kwenye volti 12 pale inapowezekana, na pale ambapo lazima uguse umeme wa TANESCO, ufungwe na fundi mwenye leseni ya EWURA, nyuma ya sakiti breka inayokata kwa mkondo wa miliampea 30 unaovujia ardhini, na mhandisi aliyesajiliwa aweke sahihi. Utaratibu wa sasa haujaondoa hatari. Umewahitimisha vijana ambao hawajawahi kufikiria kwa dhati kwamba kitu walichokitengeneza kinaweza kumdhuru mtu.

Kuna pia suala la fedha na muda wa walimu, nalo nitalijibu kwa ufupi. Mradi uliorithishwa ni nafuu. Leo kila mwanafunzi ananunua Arduino yake, kioo chake na vihisi vyake, kwa fedha za mkopo au za mzazi, kisha vinakaa kabatini vikiwa vimechomekwa kwenye ubao wa majaribio. Kundi linalorithi linaanza na vifaa hivyo mkononi na fedha zake zinakwenda kwenye majaribio. Msimamizi naye haanzi kusoma mada mpya 12 kila Novemba. Anakuwa na mbili au tatu anazozijua hadi kwenye mfupa.

6. Ninachowaomba.

Kwanza, futeni kwenye miongozo yenu ya miradi kifungu chochote, kilichoandikwa au kilichozoeleka, kinachokataa mada kwa sababu imewahi kufanyika, na mahali pake muweke sharti jipya: mwanafunzi anayechukua mada ya zamani aanze kwa kurudia vipimo vya mtangulizi wake na kueleza kilichoshindikana. Wanaotaka mada mpya kabisa waruhusiwe kama kawaida, maana bila wao hakutakuwa na cha kurithi. Kila idara ianze na miradi michache tu ya kurithisha. Mkijaribu yote kwa pamoja mtachoka kabla ya mwaka wa pili.

Pili, kila mradi wa kurithisha uwe na mwenyewe nje ya chuo: mfugaji, kamati ya maji ya kijiji, zahanati, gereji, karakana ya useremala. Wiki za mafunzo kwa vitendo ndizo nafasi ya kumpata mtu huyo, kwa kuwa mwanafunzi yuko nje ya darasa tayari. Kuanzia mwaka wa pili wa mradi, mtu huyo aulizwe na jopo kabla alama hazijatolewa. Maswali yawe ya kawaida: kifaa kimekaa kwako siku ngapi, kimezima mara ngapi, umefanya nini kilipozima. Naomba sehemu ya alama, tena si ndogo, itokane na majibu hayo. Onyesho la dakika chache mbele ya jopo lisibebe tena uzito linaoubeba sasa.

Tatu, ripoti peke yake isitoshe kuwa urithi. Mwanafunzi akabidhi mchoro wa saketi unaosomeka, programu yake yenye maelezo, orodha ya vipuri na bei aliyonunulia, daftari la vipimo likiwa na makosa yake yote, na kifaa chenyewe kikiwa kimechomelewa kwa risasi ndani ya boksi. Kisha kuwe na kurasa mbili za Kiswahili kwa mtumiaji na kwa fundi wa mtaani atakayeitwa kikiharibika. Ripoti ya Kiingereza anaisoma mtahini. Fundi wa Buguruni au wa Katoro anahitaji kujua fyuzi iko wapi, waya upi ni wa kihisi, na kipuri gani kinaweza kuwekwa badala ya kile kilichoungua. Kama kifaa hakiwezi kuelezwa kwa kurasa mbili za Kiswahili, basi usanifu wake haujakamilika. Hifadhi ya vitu hivi iwe wazi kwa vyuo vyote, ili mradi ulioanzia Dar es Salaam uweze kuendelezwa Mbeya au Arusha. Panapokuwa na kitu kinachostahili hataza, kisajiliwe BRELA kabla ya kufunguliwa, na majina ya wanafunzi wote waliokipitia yaandikwe, kuanzia wa kwanza.

Kwa Bodi ya Usajili wa Wahandisi nina ombi moja. Tangu mwaka 2003 mmeendesha mpango wa mafunzo ya uanagenzi kwa wahandisi wahitimu, na miaka yake mitatu imewalea wengi. Tambueni muda ambao mhandisi mwanagenzi anautumia kumlea mrithi wa mradi wake chuoni kama sehemu ya uanagenzi huo, na muda wa mhandisi aliyesajiliwa anayeweka sahihi ya usalama kama sehemu ya mafunzo yake endelevu. Mkifanya hivyo walimu watapata mikono ambayo leo hawana.

Kwa COSTECH: mashindano ya kitaifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, MAKISATU, yameinua vijana wengi tangu mwaka 2019. Nawaomba muongeze kundi la miradi iliyotumika kwa mtu halisi kwa miaka isiyopungua miwili, na zawadi yake isiwe ndogo kuliko ya wazo jipya. Kwa TCU, mnapokagua programu za uhandisi ombeni kuonyeshwa mradi mmoja ulioendelezwa na zaidi ya kundi moja la wanafunzi, pamoja na namba ya simu ya anayeutumia.

Waheshimiwa wakuu wa idara, mwaka mpya wa masomo ukifunguliwa kamati zenu zitakaa tena kupitia mapendekezo. Kabla ya kikao hicho, naomba kila idara ifungue kabati lake, ichague miradi miwili ya miaka iliyopita inayogusa maisha ya watu, iibandike ubaoni ikiwa imeandikwa "inaendelea", na itangaze hadharani ni ipi na ni nani anayesubiri kuitumia. Majibu yenu nayasubiri kwa hamu, na nitayasoma yote.

Wenu katika kulijenga taifa,

Raia mwenye imani na wahandisi wa Tanzania